Ukitaka kufundisha ufisadi wa hospitali, anza na karatasi ya stoo

Walimu wenzangu kadhaa wameniuliza vile tulivotayarisha lile somo la ufisadi kwenye afya hapa chuoni kwetu Mombasa, naona bora niandike mara moja wote wasome, manake maswali ni yale yale na wengi wamekwama pahali pamoja. Wana silaidi chungu nzima, wana sheria, wana takwimu, na bado darasa limelala.

Kwanza kabisa, msianze na maana ya ufisadi. Mwanafunzi wa uuguzi au wa usimamizi wa afya aliyekulia Kisauni au Likoni hahitaji kuelezwa rushwa ni nini, ameshaona shangazi yake akiitishwa ya chai ndo faili lipatikane. Ukimsomea ile tafsiri ya Transparency International, kwamba ufisadi ni kutumia vibaya mamlaka uliyokabidhiwa kwa manufaa yako mwenyewe, ataikariri, atakurudishia kwenye mtihani vile vile ulivompa, alafu siku akiwekwa wodini kwa mazoezi haitamfaa kitu. Anachokosa ni kujua mambo yapita wapi. Karatasi gani, sahihi ya nani, saa ngapi.

Kwa hivo sisi tulianza na stoo. Hospitali za serikali zina fomu S11 ya kuombea na kutolea vitu stoo, kuna S13 ya kupokelea mzigo ukiingia, na kuna bin kadi inayokaa pale kwenye rafu kuonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Tukatunga faili la hospitali isiyokuwepo, wiki moja tu, bidhaa moja tu, glavu. S13 yasema zimeingia katoni 40. Bin kadi yaonyesha 34 zimetoka, zimebaki 6, na ukihesabu rafuni ni 6 kweli, yaani stoo iko safi. Lakini kuna S11 moja ya katoni 8 kwenda wodi ya wazazi, na daftari la wodi siku hiyo laonyesha zimepokelewa 3. Na wiki hiyo hiyo kuna mama mja mzito ameambiwa glavu hakuna, mumewe akakimbizwa duka la dawa ng'ambo ya geti akanunue, na risiti tumeiweka ndani ya faili.

Mwanafunzi haambiwi chochote zaidi ya hapo. Anapewa karatasi anaambiwa haya, tuambie katoni 5 zimeenda wapi.

Mwanzo wote humkimbilia mwenye stoo. Alafu mmoja anaiangalia S11 vizuri, aona aliyesaini kupokea si nesi, ni intani, yaani mtu aliye kwenye mazoezi ya kazi, kaambiwa saini hapo vitu vitaletwa baadaye. Darasa lanyamaza kabisa hapo, manake kila mmoja ajua kwamba huyo intani ndo yeye mwakani, na kwamba angesaini, kwa sababu aliyemwambia ni mkubwa wake na ndiye atakayemjazia ripoti yake ya mazoezi. Nawaambia kutoka moyoni, hakuna silaidi itakayokufanyia kazi hiyo.

Sasa usiishie hapo, na hili wengi wanaliruka: tengeneza na faili la pili ambapo hesabu zote zimekubaliana. Glavu zimeisha kwa sababu zilizoletwa hazikutosha, kaunti haijalipa deni basi mzigo haujaja, na mama yule kaenda kununua vile vile. Ukiwapa la kwanza peke yake utatoa watu wanaomuona kila nesi ni mwizi, na hiyo ni dhuluma kwa watu wanaofanya kazi usiku kucha wakiwa wawili kwa wodi nzima. Uhaba si wizi. Wizi hujificha ndani ya uhaba, na ndo mana mtu lazima ajifunze kuvitenganisha kwa ushahidi si kwa hasira.

Sheria zije baada ya mafaili. Zikija hapo zina pa kushika. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yasema mtu mwenye mamlaka kwenye taasisi, ya serikali ama ya binafsi, akijua ama akishuku kuna hongo aripoti kwa EACC, ile tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24. Wanafunzi wangu wengi hawakuwa wamesikia hiyo. Na sheria hiyo hiyo humtia hatiani anayetoa na anayepokea wote wawili, sasa waulize, mama aliyeitishwa chai akatoa shilingi mia mbili akiwa na uchungu wa kuzaa, naye apelekwe kortini? Katiba ya 2010 kifungu cha 43 yampa haki ya kiwango cha juu cha afya, na yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Waache wagombane nayo hata somo zima likiisha, msiwape jibu mapema. Mimi maoni yangu nawapa mwisho, kwamba kulipa kwa sababu umebanwa si sawa na kulipa ili umpite mwenzako kwenye foleni, hata kama karatasi ya sheria haijakaa hivo.

Kuhusu kesi kubwa kubwa, Mombasa tuna bahati mbaya ya kuwa na moja mlangoni. Yale makontena 100 ya kliniki tamba yaliyonunuliwa na wizara kwa ajili ya mitaa ya mabanda, kwa bei ya kama milioni 10 kila moja, yakaishia kuwekwa Miritini, na kashfa ikafumuka 2016. Yalikaa pale miaka, hakuna mtoto aliyechanjwa ndani yake, ilhali wanafunzi wetu wa Changamwe na Jomvu wanapita barabara hiyo kila siku. Hiyo itumieni kufundisha manunuzi: nani aliamua yanahitajika, nani aliuliza zile kaunti kama zinayataka na zina mahali pa kuyaweka, umeme na maji yatatoka wapi, nani alisaini malipo. Ukifuata hayo maswali manne mwanafunzi aona kuwa hela zaweza kupotea hata kabla ya tenda kutangazwa, pale kwenye kuandika mahitaji.

Ya KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa na vifaa vya hospitali, ya 2020, ile ya shilingi bilioni 7.8 za vifaa vya korona, nayo ni nzuri kwa sababu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifanya ukaguzi maalum na ukapelekwa bungeni, kwa hivo huna haja ya kutegemea magazeti. Chukua kurasa chache tu, usimpe mwanafunzi ripoti nzima hatasoma. Na usichanganye kesi mbili kwa kipindi kimoja.

Bima ni mada inayochakaa haraka, hapo muwe macho. Tuliyoyaandika yote yalikuwa ya NHIF, bima ya afya ya taifa iliyokuwepo tangu 1966, alafu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake, ikaanza na fomu, majina, viwango, vyote vikabadilika. Mbinu ndo hazikubadilika: mgonjwa wa kwenda na kurudi aandikwa kalazwa, matibabu madogo yaandikwa makubwa, na mtu mzima wa afya yake huko kijijini aonekana kwenye madai kafanyiwa upasuaji. Kwa hivo andikeni mbinu kwenye karatasi yake na fomu kwenye karatasi nyingine, ili serikali ikibadilisha jina mbadilishe upande mmoja tu.

Jambo lingine, msijaze mifano ya nesi, mlinzi na mtu wa rekodi peke yao. Wao ndo wanaoonekana manake wako mbele ya mgonjwa. Wekeni na daktari anayelipwa na umma ambaye saa nne asubuhi yuko kwenye kliniki yake binafsi, na anayemwambia mgonjwa njoo kule kwangu jioni hapa mashine mbovu. Wekeni na kampuni ya dawa inayolipia semina hotelini Diani. Je hiyo ni rushwa? Hapo ndo utasikia sauti za kila aina, na ndo pahali pa kukaa muda mrefu.

Na tafadhali, walindeni wanafunzi. Msiwatume wakachunguze hospitali wanayofanyia mazoezi, hata kwa nia njema, utafiti na wagonjwa una kibali chake cha maadili na kile cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa za utafiti, na mtoto wa watu anaweza kuharibiwa maisha. Darasani kwetu jina la mtu au la hospitali halitajwi, mtu akianza "kuna dakitari mmoja pale..." namkatiza kwa upole. Badala yake tunawaonyesha njia: EACC wana ofisi hapa Mombasa, na mtandaoni wanapokea ripoti bila ya jina. Tulifungua ukurasa wenyewe darasani wakaona unajazwa vipi.

Mtihani usiulize "eleza aina za ufisadi". Mpe faili jipya lenye karatasi tano sita, mwambie aandike kinachojulikana, kisichojulikana, na karatasi gani nyingine angeitaka kabla ya kumtaja mtu yeyote. Alama nyingi ziwe kwa hilo la mwisho. Mkitaka mafaili yetu niandikieni nitawatumia, ila badilisheni tarakimu, manake wanafunzi wa vyuo tofauti wanatumiana kila kitu kwa WhatsApp.