Maswali ya Wasomaji: Baada ya Upasuaji wa Tumbo, Nilenge Kilo Ngapi?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ule wa slivu. Siku hiyo nilikuwa na kilo 128, na urefu wangu ni sentimita 162. Sasa nina kilo 104, lakini kwa wiki tatu mizani imegoma kabisa. Nilitaka kufika 62 kabla ya mwaka kuisha kwa sababu chati ya kliniki inasema huo ndio uzito unaonifaa. Rafiki yangu aliyefanyiwa baipasi, ule wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo na utumbo, amepoteza kilo 45. Je, upasuaji wangu umefeli?
M.A., Umoja

JIBU: Haujafeli, dada. Kilichokosewa ni hiyo 62. Hiyo ni chati ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, nayo husoma urefu na kilo tu. Haijui ulianzia wapi wala ulifanyiwa upasuaji gani.

Piga hesabu kwa kuanzia uzito wa siku ya upasuaji. Kwa slivu, watu wengi hupoteza kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wao wote katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wastani uko karibu na 25. Baipasi huwa juu kidogo, karibu na 30. Robo ya 128 ni 32, kwa hiyo lengo lako la kwanza ni kilo 96. Ukiangukia upande wa chini utasimama kwenye 102, upande wa juu ukufikishe 90. Wapo wanaoshuka kupita hapo, ila usipange maisha yako kwa kuwatazama hao.

Wewe tayari umepunguza kilo 24, karibu asilimia 19, kwa miezi minne. Hiyo ni kasi nzuri. Huyo rafiki yako, kama alianza na kilo 150, kilo 45 zake ni asilimia 30, yaani kile hasa kinachotarajiwa kwa baipasi. Kushindana naye kilo kwa kilo ni kujionea bure.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya wengi kliniki. Madaktari wengine hutaja asilimia ya uzito wa ziada, si ya uzito wote. Kwa urefu wako, mpaka wa juu wa uzito wa kawaida ni takriban kilo 66, hivyo ulikuwa na ziada ya kilo 62. Mtu akikuambia utapoteza nusu ya uzito wa ziada, anazungumzia kilo 31, karibu zilezile za hesabu yetu. Mgonjwa husikia "nusu" akadhani atabaki na kilo 64. Uliza kila mara: asilimia ya nini?

Sasa mizani kugoma. Kushuka hakuendi mstari mmoja. Miezi mitatu ya kwanza kilo huporomoka, baada ya mwezi wa sita kasi hupoa sana, na kati ya mwezi wa 12 na 18 wengi husimama. Njiani kuna vituo vya wiki mbili, tatu, hata zaidi. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko ule wa kilo 128, na maji mwilini hupanda na kushuka, hasa karibu na hedhi, yakaficha mafuta yaliyopotea.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja, bila viatu, kwenye mizani ileile. Ukipimwa leo na kijana wa mizani kando ya barabara ya Tom Mboya ukiwa na koti, kesho ukapimwa kwenye duka la dawa, tofauti ya kilo mbili haina maana yoyote. Pima pia kiuno kwa utepe wa fundi wa nguo mara moja kwa mwezi. Mara nyingi kilo zimesimama huku kiuno kinaendelea kushuka.

Kisha kagua sahani. Unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, nusu kikombe cha ndengu zilizoiva gramu 7 hivi, na gramu 100 za kuku aliyepikwa karibu gramu 30. Kula kitoweo kwanza, kisha sukuma au managu, na ugali uje mwisho: kipande kisichozidi saizi ya yai, kwenye kisahani cha chai, si kwenye sahani ya kawaida. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Nyama choma iliyokauka ndiyo hukwama mara nyingi, na ikikwama, kushushia na maji huzidisha maumivu. Maji ni lita moja na nusu au zaidi kwa siku, lakini si wakati wa kula; subiri nusu saa baada ya chakula.

Na usitamani kushuka kwa njia yoyote ile. Anayetapika kila siku atapungua haraka, naam, lakini huenda anaishiwa na vitamini B1. Kutapika kukizidi siku mbili, au miguu ikianza kufa ganzi, ukiona vitu viwiliviwili au ukiyumba unapotembea, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulifanyiwa upasuaji huu.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, usiendelee na dozi za zamani bila kupimwa upya. Sukari hushuka mapema, kabla hata ya kilo nyingi kutoka, na insulini iliyokuwa sawa ukiwa na kilo 128 inaweza kukuangusha ukiwa na 104.

SWALI: Nilifanyiwa baipasi miaka mitatu iliyopita. Nilitoka kilo 142 hadi 98. Sasa nimerudi 106. Naendesha teksi, nakaa kwenye gari saa 12 kwa siku. Naogopa zitarudi zote.
Dereva, Pipeline

JIBU: Ndugu, ukipiga hesabu tena, bado uko chini kwa kilo 36, asilimia 25 ya uzito wa mwanzo. Kurudisha kilo kadhaa kati ya mwaka wa pili na wa tano ni kawaida. Lengo lako sasa libadilike: kwanza simamisha kwenye 106 kwa miezi mitatu, kisha jaribu kilo 3 au 4. Kurudi 98 kusiwe sharti.

Mchawi tunayemshuku ni gari lenyewe. Krispi, biskuti na njugu za kudokoa kwenye foleni ya Mombasa Road hupita kirahisi bila kukushibisha, kwa hiyo kile kifuko kidogo cha tumbo hakikuzuii. Chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari, vikombe vitano kwa siku, ni gramu 40 za sukari. Soda ya nusu lita hukaribia gramu 50. Andika kila kinachopita mdomoni kwa siku saba, hata njugu za mkononi, kabla ya kubadilisha chochote. Beba mayai mawili ya kuchemsha na maji.

Kama kilo zinaendelea kupanda baada ya hapo, rudi kliniki. Waangalie dawa unazotumia, kwa sababu insulini, prednisolone na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo huongeza uzito. Siku hizi pia kuna sindano za kupunguza hamu ya chakula, za jamii ya semaglutide, ambazo daktari anaweza kukuandikia.

Mawili zaidi kwa sababu ya kazi yako. Mgongo ukiuma, usinunue diclofenac wala ibuprofen dukani; kwa aliyefanyiwa baipasi huleta vidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo. Omba paracetamol. Na pombe sasa hufika kwenye damu haraka zaidi na kwa kiwango cha juu zaidi, kwa hiyo bia ambayo zamani hukuihisi inaweza kukukamatisha kwenye alkoblo, kile kipima pombe cha polisi.

SWALI: Nina miezi mitano baada ya slivu. Nywele zinang'oka kwa mafungu, mama mkwe anauliza kama ninaumwa, na mume wangu anataka tupate mtoto.
W.N., South B

JIBU: Nywele hung'oka kati ya mwezi wa tatu na wa sita kwa sababu mwili umeshtuliwa na upasuaji na kupungua kwa ghafla, kwa wengi huota tena. Hata hivyo, pima damu uone madini ya chuma na vitamini B12, na usiruke vidonge vyako. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja. Viachane kwa saa mbili.

Mama mkwe aambiwe na mume wako, kwa heshima, kwamba ni matibabu. Usijilazimishe kula ili uso ujae.

Mtoto asubiri mpaka miezi 12 hadi 18 ipite, uzito utulie. Panga uzazi kwa sindano au kipandikizi au koili, na mweleze muuguzi kuhusu upasuaji, maana sindano ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Ukipata mimba mapema kwa bahati, usiogope, lakini anza kliniki mara moja.