Fundi Anajibu: Mdomo wa bomba unavujia ukutani

SWALI: Shikamoo Fundi. Bomba la beseni letu la kuogea lina ule mdomo wenye kijiti juu, ukikivuta maji yanapanda kwenye shawa. Siku hizi nikikivuta, nusu ya maji inapanda na nusu inaendelea kumwagika chini. Isitoshe, maji yanachuruzika pale mdomo unapogusana na ukuta, na rangi ya ukuta upande wa chumbani imeanza kuvimba. Nikifunga koki, halitoki hata tone. Fundi aliyekuja kutazama anasema lazima vigae vivunjwe. Mimi nataka kubadilisha huo mdomo mwenyewe. Nitaweza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utaweza, na vigae viache kwanza. Hilo la maji kukata kabisa ukifunga koki limenisaidia sana, maana linaonyesha koki yako ni nzima. Kilichochoka ni mdomo. Ndani yake kuna kilango kidogo kinachonyanyuliwa na hicho kijiti. Raba yake ikilika, au kikijaa magadi ya maji, hakizibi tena sawasawa. Na ukivuta kijiti maji hukosa njia ya chini, yakaanza kusukuma kila upande hadi kwenye kiungo cha nyuma. Kama kiungo hicho kimelegea, maji hufuata bomba kurudi ukutani. Ndiyo maana nakuomba usilale na jambo hili. Kuanzia leo ogeni kwa ndoo au kwa mdomo wa chini, shawa ipumzike mpaka kazi iishe.

Kabla hujashika spana, inama uangalie chini ya mdomo, karibu na ukuta. Tumia tochi na upapase kwa kidole. Ukikuta kitundu chenye skrubu ndani, mdomo wako ni wa kuchomeka: umevishwa kwenye bomba la shaba na kubanwa na hiyo skrubu. Usipokiona, ni wa kuzungusha, umefungwa kwa thredi, yaani mikato ya mzunguko kama ya skrubu. Watu wengi huruka hatua hii, wakaanza kuzungusha kwa nguvu mdomo uliobanwa na skrubu, na bomba likajikunja ndani ya ukuta. Hapo ndipo vigae huvunjwa kweli.

Wa skrubu ni mwepisi. Legeza kwa ufunguo wenye umbo la L, kisha vuta huku ukiuyumbisha taratibu.

Wa thredi unataka subira. Kata silikoni ya zamani, ile gundi ya kuzibia, kwa kisu kuzunguka shina lote, pale mdomo unapogusa ukuta, halafu uzungushe kinyume cha saa kwa mkono. Ukigoma, uvishe kitambaa kisha ushike na paipu renchi. Wapo wanaoingiza mpini wa nyundo mdomoni ili wapate nguvu. Kwa mdomo unaotupwa haidhuru, ila usithubutu kuufanyia hivyo ule mpya, utakiharibu kilango chake. Mkono mmoja ukizungusha, mwingine uwe shinani ukisikiliza. Mdomo ukijitenga na bomba utahisi unalegea kidogo kidogo. Ukihisi bomba lenyewe linazunguka pamoja nao, acha hapo hapo. Hapo mwite fundi, na asiwe yule wa kuvunja kabla hajapima.

Koki ikiwa imefungwa huna haja ya kukata maji ya nyumba nzima, lakini ujue valvu kuu iko wapi, na uifikie kabla ya kuanza. Ziba pia tundu la beseni kwa kitambaa. Skrubu ikidondokea humo huipati tena.

Mdomo wa zamani ukishatoka, pima kutoka uso wa kigae hadi ncha ya bomba, kisha nenda dukani na hicho kipimo pamoja na mdomo wenyewe mkononi. Mabomba mengi ya hapo ni ya nusu inchi, ila urefu hutofautiana. Bomba likiwa fupi kuliko linavyotakiwa, mdomo mpya hautashika. Likiwa refu, mdomo hautafika ukutani.

Kama ni wa thredi, safisha thredi za bomba kwa brashi ya waya, kisha viringisha juu yake thredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzuia maji yasivuje, mizunguko mitatu au minne. Simama ukitazama ncha ya bomba na uviringishe kufuata mwendo wa saa. Ukienda kinyume, mdomo utaibomoa tepu unapoingia. Funga kwa mkono hadi ukaze, umalizie kwa spana juu ya kitambaa. Mdomo ukikaza huku umeangalia pembeni, usiurudishe nyuma ili kuunyoosha, kwa sababu utakuwa umeachia maji njia. Ufungue wote, ongeza tepu, uanze upya.

Wa kuchomeka hauhitaji tepu. Lainisha ncha ya bomba kwa msasa mwembamba, maana ukali wowote hukata ringi ya raba iliyo ndani ya mdomo. Usukume hadi uguse ukuta, kaza skrubu kiasi. Shaba ni laini, inabonyea.

Sasa fungua maji, vuta kijiti, na ushikilie karatasi ya shashi kavu pale shinani. Iache hapo dakika kadhaa. Ikitoka kavu, paka silikoni juu na pembeni, lakini chini kabisa acha upenyo mdogo. Naling'ang'ania hili kwa kila mteja wangu: siku kiungo kikivuja tena, maji yatokee pale uyaone, yasifichwe ndani ya ukuta. Iache silikoni ikauke saa 24 kabla ya kuoga.

Ukuta wa chumbani usiupake rangi mara moja, uache ukauke vizuri. Ukiendelea kulowa ilhali shashi ni kavu, basi kuna kiungo kingine ndani kinachovuja, na hapo nitakubaliana na kuvunja. Lakini kuvunja kuanzie upande huo wa chumbani. Lipu kuizibia ni rahisi kuliko kutafuta vigae vinavyofanana na vya zamani.