Mshipa ni upi hasa?

SWALI: Daktari ataja mshipa wa damu, muuza nyama wa Marikiti asema kipande kina mishipa, na jirani aumwa "mshipa" wa kinena. Ni kitu kimoja? — Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: La. Neno lenyewe ni la Kibantu: Kichewa husema mtsempha, na umsipha wa Kizulu ni msuli au kano (uzi mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa). Ile nyeupe isiyotafunika katika nyama ni kano, na "mshipa" wa jirani ni ngiri (utumbo unaojitokeza kinenani). Neva ni mshipa wa fahamu. Mishipa mikuu ya damu ni ya aina mbili: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Bonyeza kifundo cha mkono upande wa gumba, kwa vidole viwili (si gumba, lina mdundo wake): kinachodunda ni ateri. Ule wa buluu mgongoni mwa kiganja ni vena, haudundi.