Sakafu ya Chekechea na Siku Saba Baada ya Msaragambo

Tulipoamua kukarabati darasa la chekechea kijijini kwetu, huku milimani Upare, Tanzania, hofu yangu ilikuwa kwamba watu hawatajitokeza. Nilikosea. Jumamosi ya kwanza ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, walifika zaidi ya 50, wanaume na makoleo yao, akina mama na ndoo za maji walizozipandisha kutoka mtoni, na kufikia saa nane mchana zege la sakafu lilikuwa limemwagwa na kusawazishwa. Tukala makande, tukapongezana, tukarudi makwetu.

Kesho yake hakuna aliyekumbuka kuimwagilia. Saruji haikauki kama tope. Hukomaa kwa maji, na jua likiyanyonya maji hayo katika siku za mwanzo, uso wa sakafu hubaki dhaifu. Wiki ya tatu mwalimu alipofagia, ufagio ulitoka na vumbi la kijivu, na kucha ya mtoto wa miaka mitano ilitosha kuchimba kishimo. Mifuko 14 ya saruji, iliyopatikana kwa michango ya nyumba kwa nyumba, ilikuwa imekwenda na maji, au tuseme imekwenda kwa kukosa maji.

Kwa hiyo ninayemshauri humwambia aanze kuwahesabu watu wa siku zinazofuata kabla ya wale wa Jumamosi. Tulipoirudia sakafu, kila kitongoji kilipewa siku yake: watu wawili, ndoo zao, asubuhi na jioni kwa siku saba, huku sakafu ikifunikwa kwa majani ya migomba. Majina yaliandikwa mkutanoni mbele ya mtendaji wa kijiji, kwa sababu ahadi ya njiani husahaulika njiani.

Fundi naye alipwe. Wapo wanaodai kwamba kazi ikiwa ya kujitolea basi naye ajitolee, lakini fundi asiyelipwa akipata kibarua kwingine ataondoka ukuta ukiwa nusu, na hutakuwa na uso wa kumlaumu. Zaidi ya hayo, mtu mmoja tu, chini ya fundi huyo, ndiye ahesabu makarai ya mchanga na kokoto. Penye mikono 50 kila mmoja huwa na kipimo chake.

Michango iwe ya hiari kweli, kwa maana tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 mtoto harudishwi nyumbani kwa ajili ya mchango. Kazi ifanyike kati ya Julai na Septemba, baada ya mavuno na kabla ya vuli, na bati kuukuu lisiezuliwe kabla bati jipya halijafika stoo.

Jambo moja nusura litupite. Fundi alikuwa amepima ubao usawa wa kifua chake. Mwalimu, ambaye hadi siku hiyo hatukuwa tumemuuliza lolote, alipiga magoti kando ya ukuta, akanyoosha mkono kama mtoto anayeandika, akachora mstari kwa chaki. Tuliushusha ubao hadi hapo.