Usiende kufomati kesho. Pingi ruta kwanza

Mkuu, usiende. Nilipofika pale ulipoandika "kesho saa nne naipeleka kwa fundi akaifomati, elfu thelathini" nimeacha sahani mezani nikaja kukujibu. Kufomati ni kufuta vilivyomo na kuweka Windows upya. Usiende kesho, na keshokutwa usiende. Pingi ruta kwanza, yaani itumie ujumbe mdogo uone kama unarudi na kwa muda gani, nitakuonyesha hapo chini.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi ana kompyuta ya nyumbani, waifai inashika vizuri, inakata, inarudi, inakata tena, na jioni ndiyo inazidi. Simu zote ndani ya nyumba ziko sawa kwenye ruta hiyo hiyo. Fundi kamwambia Windows imechoka. Anauliza tatizo ni nini, na ruta gani anunue.

Mkuu, hiyo "Windows imechoka" na mimi niliambiwa. Maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile ya kukutuliza. Ngoja nikwambie yalinigharimu nini.

Mimi ni mhazini wa kikoba chetu cha mtaani. Watu 28, tunakutana kila Jumamosi, hisa moja shilingi 5,000, na mtu anaruhusiwa kununua mpaka hisa tano kwa wiki. Hisa, mikopo, marejesho, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, vyote nilikuwa naviingiza kwenye Excel kwenye kompyuta ya mezani iliyokaa sebuleni. Zamani tulikuwa na daftari. Tuliliacha kwa sababu kompyuta ilikuwa inajumlisha yenyewe na wanachama waliipenda, mtu anauliza "niko na ngapi?" nami namjibu kabla hajakaa. Kila Disemba tunavunja kikoba, tunagawana.

Novemba 2021 waifai ya kompyuta ile ikaanza kukata. Asubuhi safi kabisa. Ikifika saa moja, saa mbili usiku, inakata. Nikajua ni mtandao mzito wa jioni, kila mtu yuko nyumbani. Sikujiuliza mbona simu yangu, niliyoishika mkononi hapo hapo, haikati.

Nikampelekea fundi mjini. Yule bwana hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza inakata saa ngapi, hakuuliza simu zikoje, hakuuliza kompyuta imechomekwa nini nyuma. Akaiwasha, akatikisa mausi mara mbili, akasema, "Kaka, hii Windows imechoka. Virusi vimekula draiva. Napiga Windows mpya, utasahau." Nikamwambia kuna mafaili ya watu humu. Akauliza yako wapi. Nikamwambia yako D, ile sehemu ya pili ya diski; Windows yenyewe inakaa C. "D haiguswi. Nafuta C tu."

Nikaenda kunywa chai. Nimerudi baada ya saa mbili nikakuta kioo kinang'aa, Windows mpya. Nikafungua This PC. Kuna C peke yake. GB 475. D haipo.

Nikamuuliza D iko wapi. Alikuwa ameshika bisibisi anafungua laptop ya mtu mwingine, na hakuinua hata kichwa. "Ah, ilikuwa inagoma, ikabidi nifute zote niziunganishe. Si imekuwa kubwa sasa?"

Mkuu, mpaka leo nikikumbuka lile "si imekuwa kubwa sasa" mkono unanitetemeka. Mtu anafuta Jumamosi 45 za jasho la watu, halafu anakuuzia kama nyongeza! Na elfu thelathini yake alidai yote.

Nikaenda kwa fundi mwingine, huyu alikuwa mkweli, kama angeweza kurudisha. Akaniuliza swali moja tu: ndani kuna diski ya kuzunguka au SSD, ile ya chipu isiyozunguka? SSD. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ile diski ya zamani ukiifomati kwa haraka unafuta orodha tu, mafaili yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo mara nyingi yanaokoleka. SSD siyo hivyo. Windows huiambia SSD kwamba sehemu fulani hazihitajiki tena, nayo inazisafisha yenyewe kimyakimya. Baada ya saa chache unachimba kisima kisicho na maji. Alijaribu usiku kucha, hakupata hata faili moja linalofunguka, na hakunichaji.

Kilichofuata nisingependa ukipitie. Wiki tatu kabla ya kuvunja kikoba, nikaitisha kikao nikawaambia ukweli. Tukaanza kujenga hesabu upya kwa meseji za M-Pesa, maana wengi walikuwa wananitumia kwa simu. Waliokuwa wananiletea taslimu hawakuwa na ushahidi wowote. Kuna mama mwenye genge la mboga hapa kona, alikuwa ananiletea noti zimekunjwa ndani ya leso kila Jumamosi. Nilikaa naye kwenye benchi lake, kitochi chake mkononi, tunashuka meseji moja moja kutafuta angalau ile niliyomwandikia "nimepokea". Kitochi kilikuwa kimejaa na alishazifuta ili nyingine ziingie. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuandika kwa sababu wewe ulikuwa unaandika."

Sikuwa na la kumjibu. Palipokuwa na ubishi nililipa mimi. Jumla ilifika shilingi 412,000, na nililipa bila kinyongo kwa sababu imani yao ilikuwa kwangu, siyo kwa fundi. Leo naweza kulisimulia nikicheka kwa sababu kulia nilishamaliza. Ila wewe usinicheke mpaka uwe umehifadhi vitu vyako mahali pa pili, angalau kwenye flashi.

Sasa sikia hili. Usiku ule ule nilioirudisha kompyuta nyumbani, saa mbili na dakika kumi, waifai ikakata.

Windows mpya kabisa. Hakuna virusi, hakuna programu hata moja. Imekata vile vile kama jana yake.

Ndipo nikaanza kununua. Ruta mpya 95,000, ikakata. Adapta nyingine ya waifai, ile ya kuchomeka USB, 35,000, ikakata. Muuzaji akaniambia ninunue yenye antena kubwa. Kama asingekuja mpwa wangu likizo ningeinunua.

Dogo alikaa kwenye kiti akauliza, "Mjomba, umepingi ruta?" Nikamwambia sijui unasema nini. Akafungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika ipconfig, akatafuta mstari wa Default Gateway, yaani anwani ya ruta, akapata 192.168.1.1. Akaandika:

ping 192.168.1.1 -t

Mistari ikaanza kushuka. 2ms, 1ms, 2ms, 3ms. Akaniambia hizo ni milisekunde za safari ya kwenda kwenye ruta na kurudi, mtandao wa nje haumo kabisa, na zikiwa ndogo ujue kati ya kompyuta na ruta hakuna tatizo. Tukaziacha zishuke. Saa moja na nusu mke wangu akaja na tamthilia yake. Ziko kwenye diski ya nje ya shemeji, ambayo huwa tunaichomeka nyuma ya kompyuta tukitaka kuangalia. Akaichomeka. Mistari ikawa 240ms. 911ms. Request timed out. Request timed out.

Dogo akaichomoa ile diski. 2ms. Akaichomeka. 700 na kitu, kimya. Akaichomoa. 1ms.

Sote watatu tukatazamana. Mke wangu akasema, "Kwa hiyo ni tamthilia?"

Ni diski, mkuu. Ilikuwa ya USB 3.0, ile ambayo ndani ya tundu lake kwa kawaida kuna plastiki ya bluu, na ilichomekwa kwenye tundu linalogusana na adapta ya waifai. USB 3.0 inapitisha data kwa kasi ya mpaka gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo inatoa kelele ya redio inayosambaa hadi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya waifai ya kawaida. Siyo imani ya mtaani hii. Intel wenyewe waliandika waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Ruta iko chumba cha pili inamnong'oneza adapta, na sikioni kwa adapta umewasha mashine ya kusaga. Adapta ni nzima, ila haisikii. Simu zetu hazikukata kwa sababu zilikuwa mbali na mashine. Na jioni ilizidi kwa sababu jioni ndiyo tulikuwa tunachomeka diski!

Dawa ilikuwa waya wa USB wa kurefushia, mita moja na nusu, shilingi 6,000. Nikaitoa adapta nyuma ya boksi, nikaiweka juu ya kabati. Haijakata tena mpaka leo. Ukiwa na ruta na adapta zinazokubali gigahezi 5, hamia huko, kelele hiyo haisumbui sana.

Sasa rudi kwenye picha uliyoiweka wewe. Wengine wote wameangalia kioo, mimi nimeangalia pembeni. Kushoto kuna boksi jeusi limening'inia na waya mfupi, na kichwa chake naona bluu. Sisemi ndiyo hiyo kwa hakika, kwa sababu kwenye picha siwezi kupingi. Ndiyo maana nakwambia pingi.

Fanya hivi leo usiku, kabla ya kulala. Fungua CMD mbili. Ya kwanza pingi ruta, namba yake utaiona kwenye ipconfig, inaweza kuwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1 au nyingine. Ya pili andika ping 8.8.8.8 -t, hiyo inatoka nje mpaka Google. Ziweke zote mbili zionekane, endelea na shughuli zako, subiri mtandao ukate. Ukikata, angalia. Kama ya ruta inaendelea kushuka vizuri na ya 8.8.8.8 imekufa, kwa kawaida kompyuta yako haina kosa, tatizo liko ruta kwenda nje, hata ungefomati mara mia. Piga simu huduma kwa wateja, angalia na bando. Kama zote mbili zimekufa huku simu inaendelea na mtandao, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta, na hapo ndipo unaanza kuchomoa kimoja kimoja. Kimoja, mkuu, usichomoe vitatu kwa pamoja, hutajua ni kipi. Anza na diski.

Ikiwa siyo diski, kuna vitu vya bure bado. Nenda Device Manager, fungua kadi ya waifai, kwenye Power Management toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Hiyo inasumbua sana laptop. Draiva, ile programu inayoendesha kadi ya waifai, ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, usiichukue kwenye flashi ya mtu. Maikrowevu nayo inapiga kelele masafa yale yale ya 2.4. Na kama mna majirani wengi wenye ruta, chaneli ya ruta yako kwenye 2.4 iweke 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani. Kisha CMD ifungue kama administreta, andika netsh wlan show wlanreport, Windows itakutengenezea ripoti ya siku tatu zilizopita, kila ilipokata na sababu iliyoandikwa. Ripoti hiyo haifuti kitu. Fundi wangu angeiangalia kwa dakika mbili tu, yule mama wa genge angekuwa na hesabu zake.

Kuna mdau hapo juu kakwambia "fomati tu mkuu, ni dakika ishirini." Ndugu yangu, dakika ishirini ni za fundi. Mimi zangu zilikuwa wiki tatu za kwenda nyumba kwa nyumba naomba kuangalia simu za watu. Usimshauri mtu kufuta kompyuta kwa tatizo ambalo hujui hata liko upande gani wa ruta.

Mkuu, mpigie fundi sasa hivi umwambie kesho huji. Kisha pingi, chomoa hilo boksi jeusi, uniwekee hapa mistari kumi kabla ya kuchomoa na kumi baada ya kuchomoa. Niko macho mpaka saa sita.