Mvumo wa sinthesaiza unachosha: niongeze ala?

Swali: Nahariri filamu fupi ya dakika 12 kuhusu mji unaotawaliwa kwa kamera. Nimeweka mvumo mmoja mzito wa sinthesaiza (ala ya kielektroniki inayounda sauti) mwanzo hadi mwisho. Kwenye hedifoni unatisha, kwenye simu hausikiki kabisa, na walioitazama wanasema unachosha na unafunika maneno. Niongeze ala?

Jibu: Hapana, ndugu. Uchache huo ndio nguvu yake. Mtazamaji haambiwi aogope wala alie. Anaachwa peke yake na mji usiomjali. Kasoro ni kwamba mvumo wako umeganda, na sikio huizoea upesi sauti isiyobadilika. Katika filamu ya Blade Runner (1982), mtunzi wa muziki Vangelis alitumia sinthesaiza ya Yamaha CS-80, ambayo kila kitufe chake huhisi mgandamizo wa kidole kivyake, hivyo noti moja huweza kugeuka ingali inalia.

Tumia osileta mbili (sehemu za sinthesaiza zinazozalisha sauti) za wimbi la msumeno, yaani wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, moja hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), nyingine 55.25. Tofauti hiyo huzaa kupanda na kushuka kila sekunde 4, kama kifua kinachopumua. Usipeleke moja kushoto na nyingine kulia; zichanganye katikati, la sivyo pumzi hiyo hudhoofika. Kisha fungua taratibu filta inayopitisha besi na kukata sauti za juu, kutoka hezi 200 hadi 600 kwa sekunde 90. Wasiwasi utaingia bila mtu kujua ulianza lini.

Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 55. Tia sachuresheni kidogo (kuikwaruza sauti kidogo) ili izalishe sauti za juu zaidi, hezi 220, 275, 330 na kuendelea. Sikio litajijazia besi lenyewe. Sachuresheni iweke baada ya filta. Ukiitanguliza, filta itakata kile kile ulichokiongeza.

Kuhusu maneno, punguza muziki desibeli 6 nusu sekunde kabla mhusika hajafungua kinywa, na kwenye treki hiyo ya muziki ondoa desibeli 3 au 4 kati ya hezi 1,000 na 4,000, zinakosikika konsonanti.

Halafu chagua mahali pamoja tu, pale mhusika anapogundua kuwa anatazamwa, ukate mvumo ghafla. Weka ufifishaji (kushusha sauti polepole hadi sifuri) wa milisekunde 10 hadi 20, maana wimbi likikatwa katikati hutoa mlio wa "tk". Acha sekunde 4 za sauti ya chumba (mnong'ono hafifu wa mahali penyewe), si ukimya mtupu, kwani ukimya mtupu humfanya mtazamaji adhani spika imekufa.