Miche inayoinamia dirisha, na maswali mengine ya kitaluni

Shikamoo mwalimu. Nimesia nyanya kwenye makopo nikayaweka ndani, karibu na dirisha. Miche yote imeinamia dirishani. Je, jua linaikausha upande mmoja? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Miche yako ni mizima kabisa. Inainama kwa sababu inakua, na inakua zaidi upande ule ulio kivulini. Sehemu changa za juu ya mmea hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka shinani na kuzifanya seli zirefuke. Mwanga wa bluu ukiingia kutoka upande mmoja, vipokezi vya mmea huuhisi, na oksini husogezwa upande wa pili. Seli za huko kivulini zikirefuka kuliko za dirishani, shina halina budi kupinda kuelekea kwenye nuru.

Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza majaribio yao ya jambo hili mwaka 1880. Walipofunika ncha za machipukizi ya nyasi, hayakupinda. Walipofunika chini na kuacha ncha wazi, yalipinda. Ncha ndiyo inayohisi mwanga, lakini panapopinda ni chini yake, kwa hiyo kuna kitu kinachosafiri kutoka juu. Katika miaka ya 1920 Frits Went wa Uholanzi alikinasa kitu hicho: alikata ncha, akaziweka juu ya agari, ute wa mwani ulioganda, kisha akakiweka kipande cha agari hiyo upande mmoja wa chipukizi lisilo na ncha. Likapinda, tena gizani!

Wanafunzi wanaweza kuyaona haya kwa macho yao. Otesheni punje za mahindi gizani, na vichipukizi vyake vilivyochongoka vikifika kama sentimita 2, vivisheni baadhi vikofia vidogo vya karatasi ya aluminiamu. Wekeni vyote ndani ya boksi lenye tundu ubavuni, na kesho yake mlinganishe vyenye kofia na visivyo nayo.

Kwa nini miche ya gizani huwa mirefu, myembamba na ya njano?

Inatafuta mwanga kwa akiba iliyo ndani ya mbegu, kwa hiyo haitumii nguvu kujenga majani wala rangi ya kijani. Hapo oksini husaidiana na homoni nyingine, jiberelini. Hiyo ilijulikana kupitia ugonjwa wa mpunga: mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba majimaji yaliyotokana na kuvu wa ugonjwa huo hurefusha miche kupita kiasi. Miche yako itoe kwenye mwanga mapema, kidogo kidogo ili isiungue.

Mahindi yangu yamebanana, yamerefuka haraka. Si dalili nzuri? (Mkulima, Kitale)

Hapana, ndugu yangu, usifurahie urefu huo. Jani la kijani hufyonza mwanga mwekundu, lakini mwekundu wa mbali, ambao jicho letu haliuoni vizuri, hulipita au kurudishwa nyuma. Mmea una kipokezi kiitwacho fitokromu kinacholinganisha mianga hiyo miwili. Mwekundu wa mbali ukizidi, mmea hujua una jirani, hata kabla haujafunikwa na kivuli chake, nao huongeza oksini na kurefusha shina. Chakula cha kujenga mizizi kinakwenda kwenye bua, na upepo ukija bua hilo huanguka. Punguzia mapema, miche ikiwa bado midogo.

Ni kweli alizeti hufuata jua siku zote? (Mwanafunzi, Singida)

Hufuata ikiwa changa. Mchana upande wa mashariki wa shina hurefuka zaidi, kichwa kikaelekea magharibi. Usiku hurefuka upande wa magharibi, na alfajiri kichwa kimesharudi mashariki kabla jua halijachomoza. Mmea una saa yake ya ndani. Shina likikomaa na kuacha kurefuka, ua hubaki limetazama mashariki. Hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulitembelea zaidi kuliko lililogeuzwa magharibi.